Mji Niliompa Asiye na Uso

Nasinzia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mama, mchana, baada ya wali na maharage, katika chumba chake kipya kwenye makao ya wazee. Nimemleta leo asubuhi kutoka kijijini kwetu Bwiti, alikokuwa akiishi peke yake mpaka aliposahau moto jikoni ukala paa. Tangu tufike hajavua viatu. Amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, na kila anayepita anamsalimu kwa adabu za mgeni. Mwanaidi, ameniambia, chai tumekunywa, wenyeji tumewashukuru, sasa twende zetu. Dada Perpetua, mhudumu wa zamu, amekuwa akibisha hodi na mama haitikii, kwa sababu anayesema karibu ni mwenye nyumba, na yeye hapa si kwake. Nimemwahidi Dada Perpetua kwamba siondoki mpaka mama azoee. Macho yananilemea. Nayafumba kidogo tu, na ninapoyafumbua kitanda kimetandikwa, shuka limebanwa pande zote, na mama hayupo.

Natoka mbio. Korido ya asubuhi sasa ni barabara, sakafu ni ileile nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, lakini mwisho wake siuoni, na milango ya pande zote mbili inafungukia miji, na miji yote ni mmoja, duka lilelile, kisima kilekile, na penye kila kisima kuna bibi amenipa mgongo, kajifunga kanga ya mama. Naita, mama. Bibi anageuka, na uso alio nao ni wangu, wangu nikiwa mzee, na anatabasamu kwa adabu kama mtu asiyenijua. Nakimbilia mlango mwingine, naita, anageuka, ni mimi tena. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe, na kila ninavyokimbia barabara inanirudisha penye mlango niliotokea, mpaka nagongana na mtu aliyevaa aproni ya kijani ya wahudumu wa makao. Hana macho, hana pua, uso wake ni laini kama kitako cha sufuria mpya. Namwuliza, samahani, umemwona mama yangu, Bi Nyamvula, mfupi, anachechemea mguu wa kushoto? Anainama karibu yangu na sauti inatoka mahali ambapo hapana mdomo.

Kitendawili, anasema.

Nami, kwa mazoea ya utotoni, najikuta nimeshajibu, tega.

Nyumba yangu haina mlango.

Hiki nakijua, kila mtoto anakijua, nasema haraka, yai. Anatikisa kichwa polepole. Yai hupasuka kikatoka kifaranga, anasema, huku kwetu nyumba haipasuki mtu akatoka. Umeshindwa, nipe mji. Na nani hajui mchezo huu, ukishindwa unatoa mji, unataja jina lake tu, mwenzako anajifanya mfalme wa huko, mnacheka, basi. Nampa Korogwe. Ananyoosha kiganja, na upande mmoja wa barabara milango inajifunga yote kwa pamoja bila kelele, naye anachukua kitu kidogo chenye mwanga na kukitia kwenye mfuko wa aproni. Jibu lake ni nyumba uliyochaguliwa, anasema. Namwomba anieleze tu mama alipo. Anatega kingine. Kila siku anaaga na hajaondoka. Sijui, nasema, ni nani, sijui. Nipe mji. Nampa Muheza, na upande wa pili nao unazimika, na mahali fulani kwenye giza hilo namsikia mama akisema, sasa twende zetu, sasa twende zetu, kwa subira ya mtu anayengoja mwenzake amalize maongezi.

Nafuata sauti na asiye na uso ananifuata, hachoki, hata hatembei, yupo tu ubavuni. Nalia sasa, waziwazi, nalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Anasema, alinibeba, nikambeba, tukafika, nani ametua mzigo? Jibu nalijua, nami sitaki kulisikia kwa sauti yangu. Umeshindwa, anasema kwa upole. Nipe mji nikuonyeshe mlango wake. Natafuta mji kichwani na miji imekwisha, naona kiza tu, na huko ndani mama anaita jina langu, na ulimi unateleza wenyewe. Bwiti, nasema. Chukua Bwiti, nipe mama.

Kabla sijamaliza kutamka najua nilichofanya. Nageuka na kuiona Bwiti yote, barabara ya vumbi, mafiga matatu yaliyobaki kwenye jiko lililoungua, kaburi la baba, dada zake mama wakianika mihogo, yote inakunjwa kama kanga iliyoanuliwa na kuingia mfukoni mwa aproni. Nirudishie, nasema, nilikuwa nacheza. Mlango ni huu, anasema. Ndani mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, na anaponiona anasimama kwa furaha na kushika mkono wangu. Umekawia, mwanangu. Haya, twende Bwiti. Mkono wake ni wa moto na unanivuta, na nimekaza miguu sakafuni, na sina mahali pa kumpeleka.

Hodi, anaita mtu.

Nashtuka. Kiti cha plastiki, harufu ya maharage, jua la alasiri sakafuni. Dada Perpetua amesimama mlangoni na vikombe vya chai. Mama yupo kitandani, ameegemea mto, na viatu vyake viko chini vimepangwa sawasawa. Karibu, anaitikia, kwa sauti ya nyumbani kwake, ile ambayo tangu asubuhi nimeomba niisikie. Karibu ndani, mama, usisimame hapo mlangoni. Dada Perpetua ananitazama na kutabasamu. Machozi yananitoka kwa furaha, Mungu wangu, kumbe anazoea. Mama ananyoosha mkono kupokea kikombe na kumshukuru, kisha ananigeukia mimi, ananitazama kwa adabu, kwa muda mrefu, na kunisogezea kikombe chake.

Na wewe karibu, mgeni, anasema. Kunywa chai, naona umechoka. Umetokea mji gani?

Najifinya mkono, inauma, lakini hata kwenye ile barabara kuliuma. Namwambia, mama, ni mimi, Mwanaidi, natoka kwetu, natoka kulekule kwako. Anangoja kwa subira nimtajie. Nafungua mdomo, na jina silipati.