Ghorofa ya Tatu

Wenzake kazini walimwita Mstari, kwa kuwa vigae alivyovilaza yeye vilinyooka tangu mlangoni hadi ukuta wa mwisho bila kupinda hata unywele. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwalazia sakafu watu wenye vyumba vingi kuliko watu wa kulala humo, kisha jioni ananawa saruji mikononi na kurudi kwake: vyumba viwili, sebule, na watu watano.

Chumba kimoja kilikuwa chake na mkewe. Cha pili walilala binti zake wawili pamoja na mama yake mzazi, aliyekuja kukaa wiki mbili baada ya kufiwa na mumewe, na wiki mbili zile zikaota mizizi hadi mwaka wa sita. Vyumba hivyo vilitengwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Pengo la juu, upana wa shibiri moja, halikujua siri: lilipitisha kikohozi, harufu ya dawa ya kuchua magoti, na maneno. Mama alikuwa mtu wa alfajiri. Kabla hakujapambazuka vizuri angeuliza kupitia pale pengoni, "Mmeamkaje huko?" nao ndio kwanza wanageukia ubavu wa pili. Mkewe akicheka jambo chini ya shuka, mama alitaka naye aambiwe acheke.

Mkewe alikuwa mfuaji wa nguo hospitalini, kazi ya zamu, wala hakulalamika. Alijua watoto wakirudi kutoka shuleni watamkuta bibi yao mlangoni. Binti mkubwa, aliyetimiza miaka kumi na minne, naye hakusema kitu. Alianza tu kubadilishia nguo bafuni. Mstari alipoliona hilo alipata kisingizio, akakishika kwa mikono miwili. Ukweli ni kwamba mwenye haja alikuwa yeye. Alitaka mlango wa kufunga, azungumze na mkewe kwa sauti yake ya kawaida, hata wagombane ikibidi, bila mtu wa tatu kuguna. Lakini kumwambia aliyekuzaa "mama, tunabanana" kulimshinda.

Basi akamtafuta dalali. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya chini, vyumba vitatu, mbali kidogo na mjini. Ya pili ilivuja. Ya tatu ilikuwa juu kabisa ya jengo, ghorofa ya tatu: vyumba viwili, kuta za matofali hadi darini, na ngazi kali zisizo na pa kushika. Dalali, mtu wa watu, alimuuliza kama nyumbani ana mtu mzima, maana mwenye magoti mabovu hapa hapandi.

"Najua," alisema Mstari. Akaichukua.

Siku hiyohiyo akapeleka taarifa ya kuhama kwa mwenye nyumba wao. Kwa mama yake akasema kwamba mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, mwanawe anaoa. Kwamba yeye Mstari amehangaika akapata huko juu ghorofani tu, hivyo mama atakwenda kwa binti yake kwa muda, mpaka mambo yakae sawa. Kwa mkewe akatoa hadithi nyingine: mama amechoka na kelele za wajukuu, amependa mwenyewe kwenda kupumzika kwa bintiye. Alijua hawataulizana. Mkewe angeona ni utovu wa adabu kumhoji mama mkwe kwa nini anaondoka, na mama angeona ni kumtwika mkwewe mzigo. Heshima yao ndiyo aliyoitegemea.

Mama aliuliza swali moja tu, kama amejaribu kumbembeleza mwenye nyumba. Akajibu amebembeleza mpaka amechoka.

Zikapita siku kumi. Mama alikunja nguo zake taratibu, akamfundisha binti mkubwa kupiga pasi sare bila kuzichoma, na siku ya kuondoka alimwambia mkwewe, Mstari akisikia, "Nimependa mwenyewe kwenda, mwanangu. Mniwie radhi." Mstari alishangaa jinsi uongo wake ulivyopata shahidi bila kumtafuta. Akajiona mtu mwenye bahati.

Baada ya wiki, vyombo vikiwa vimekwisha kuhamishwa, alibaki kwenye nyumba tupu kukabidhi funguo. Mwenye nyumba, dereva mstaafu wa malori, alizunguka vyumba, akagonga kuta kwa kiganja, akaridhika. Kisha akauliza hali ya mama.

"Hajambo, yuko kwa dada yangu."

"Alikuja kwangu," alisema mzee. "Jumanne ile ya mvua, kwa miguu. Aliniomba nisiwatoe. Akasema mwanawe hana makelele, mkwewe msafi, wajukuu zake hawachori ukutani. Akasema kama tatizo ni wingi wa watu, yeye ataondoka nyinyi mbaki."

Mstari alizitazama funguo kiganjani mwake.

"Nikamwambia, mama, mimi sina mtoto wa kuoa, wote walishaoa. Taarifa ya kuhama kaleta mwanao mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza akaniomba nisikwambie. Nami ningenyamaza, lakini moyo umenikataza."

Mzee alizichukua funguo kwa upole, kama anayemsaidia mgonjwa. Mstari alitoka bila kuaga. Njia nzima alihesabu kwa vidole: Jumanne ya mvua ilikuwa siku tano kabla mama hajaondoka. Siku tano mama alikula naye sahani moja huku akijua. Siku tano alimwita "baba" kama kawaida, akamuuliza kazi ilikwendaje, naye akamjibu kwa mdomo uleule uliomdanganya. Kila aliyekutana naye barabarani alimwona kama aliyepewa habari zake.

Kwake alifunga mlango wa chumba, ule alioutamani, akamweleza mkewe yote. Mkewe hakupandisha sauti, ingawa sasa angeweza. Alikaa kitandani na nguo zake za kazi.

"Ndiyo maana dada yako hapokei simu zangu," alisema. "Kwao huko mimi ndiye niliyemfukuza mama. Mkwe ndiye hubeba lawama."

Hilo Mstari hakuwa amelifikiria kabisa.

Jumapili alikwenda. Dada yake, mkunga, aliishi na mumewe na watoto wanne. Mama alikuwa amepewa kochi la sebuleni. Alimkuta uani, ameketi juani na magoti yake mabovu, anashona kifungo cha shati la mjukuu. Mstari alimwamkia, akachuchumaa mbele yake. Hotuba aliyoiandaa njiani ilimtoroka yote.

"Mama, nilikudanganya."

"Najua." Mama alikata uzi kwa meno. "Baba yako na mimi tuliishi na mama yake miaka tisa, chumba kimoja na pazia. Hapakupita siku nisiyoomba aondoke. Unadhani mimi sikuwa kijana? Ungesema tu tunabanana, ningekwenda zangu na baraka nikawaachia. Ulichonifanyia ni kunipeleka kwa watu na mvua, nikakusifu, nao wanajua."

Mstari alisema lazima atatafuta nyumba ya chini, iko moja ya vyumba vitatu, labda bado haijachukuliwa. Mama akamjibu kwamba kama mkewe na watoto wanaitaka, aitafute. Kwa ajili yake yeye asijisumbue, hapa wamempokea.

"Ila ingia ndani," alisema, "umwambie dada yako kwamba aliyenitoa si mkeo."

Akaingia. Dada yake alikuwa mezani na mumewe. Mstari alisimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, akasema: nyumba niliichagua mimi, ngazi niliziona, mke wangu hakujua lolote. Shemeji yake alisikia nusu, akainuka akatoka, akiona aibu kwa niaba yake. Dada hakumtukana. Alichukua simu akaenda nayo dirishani kumpigia wifi yake, na Mstari alisikia mwanzo tu, "Wifi, nisamehe mimi," kabla hajageuka.

Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa imechukuliwa. Ilipita miezi minne kabla hawajapata nyingine ya chini, na siku hiyo mama alialikwa rasmi, na mkwewe mwenyewe. Alikuja akakaa siku tatu, akaisifu, akarudi kwa bintiye. Tangu hapo Mstari humtembelea kila Jumapili. Mama humpokea kwa furaha, humwuliza habari za watoto na kazi. Halafu huinuka na magoti yake, akakataa kusaidiwa, akamletea chai katika kikombe chenye kisahani, kile cha wageni.