Watoto Kumi na Tano wa B

Patricie alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na sita katika shule ile ya serikali, juu ya mji wa Cyangugu, akiwa mkuu wa somo hilo, na hakuna aliyewahi kumpita. Kisha akaja Charlotte kutoka Bukavu, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, akapewa mwaka wa pili B. Patricie alikuwa na A. Mwisho wa muhula wa kwanza, direkta wa shule, Mzee Nzabonimana, alibandika wastani wa hesabu kwenye mlango wa ofisi: A arobaini na nane, B sitini na tatu.

Tangu siku ile Patricie hakuweza kumwona Charlotte akatulia. Aliangalia wanafunzi wangapi wanamsalimia getini. Aliangalia jinsi watoto wa B walivyobaki darasani baada ya kengele bila kulazimishwa na mtu. Kicheko cha Charlotte kilipita ukuta mwembamba kikamfikia akiwa katikati ya somo, mbele ya watoto wanaopiga miayo, na kikamharibia siku nzima. Nyumbani alimwambia mumewe, Sibomana, kwamba yule dada amependelewa, amepewa watoto wa wafanyakazi wa ofisi na wafanyabiashara wa mpakani. Sibomana alikuwa amechoka kusikia jina hilo mezani. Alimuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba anayo.

Januari kamati ya wazazi ilitaka kujua kila mtoto anatoka wapi, anaishi na nani, anatembea muda gani na anapata alama ngapi. Direkta alipouliza nani ataifanya kazi hiyo, Patricie aliinua mkono kabla hajamaliza. Hatimaye angeweza kuonyesha kwa maandishi kile alichokuwa akikisema.

Alianza na A, kisha akaenda B. Charlotte alimletea kiti, akatoka nje ili watoto wazungumze kwa uhuru. Wakaja mmoja mmoja. Walipofika kumi hivi, Patricie aliandika polepole zaidi. Byiringiro aliishi na nyanya yake, mlima wa pili. Msichana mmoja mwembamba aitwaye Gaju alisema mama yake yuko Bweyeye, yeye anakaa kwa shangazi upande wa Nkungu, na anaanza kutembea saa kumi na moja asubuhi. Alikuwa amepata sabini na moja. Katika watoto arobaini na wanne wa B, ishirini na sita walitembea zaidi ya saa moja. Katika A walikuwa tisa tu.

Hapo ndipo alipokumbuka mwezi wa tisa. Charlotte hakuwa amefika bado. Yeye mwenyewe ndiye aliyekaa na daftari la majina, akajichagulia waliosoma shule za msingi za mjini, na waliobaki akamwachia mwalimu yeyote atakayekuja.

Mchana ule, katika chumba cha walimu, alinakili orodha upya. Palipokuwa Nkungu aliandika Kamembe, karibu na shule. Palipokuwa saa mbili na nusu aliandika nusu saa. Alibadilisha watoto kumi na tano, kisha akapeleka karatasi kwa direkta.

Kwenye mkutano wa walimu direkta aliisoma, akasema sasa inaeleweka kwa nini B wanafaulu, wengi wao wanatoka karibu. Walimu walimgeukia Charlotte. Patricie aliona raha ambayo hakuwa ameipata kwa miezi. Charlotte aliomba kuiona karatasi, akaambiwa inapelekwa kwa kamati siku hiyohiyo.

Baada ya wiki tatu kamati ilipanga nyumba jirani na shule, yenye vitanda ishirini, kwa watoto wanaotoka mbali. Walichaguliwa kwa kufuata orodha. Wale kumi na tano hawakuitwa.

Charlotte alimkuta Patricie akisahihisha madaftari, akaketi karibu naye.

"Maman Patricie, naomba unisaidie," alisema. "Gaju anatokaka Nkungu, lakini mu liste wameandika Kamembe. Na wengine vilevile. Pengine ulikosea. Shangazi yake anasema asirudi tena kusoma, njia ni murefu."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Ilitosha kusema ndiyo, macho yalichoka. Patricie alifunga daftari.

"Sikukosea," akasema. "Niliandika vile nikijua. Nilikuwa na wivu juu yako."

Charlotte alisimama.

"Batoto kumi na tano," alisema. "Ungenichukia miye peke yangu."

Wakaenda kwa direkta. Patricie alieleza yote, pamoja na habari za mwezi wa tisa. Mzee Nzabonimana alimwondolea ukuu wa somo la hesabu, akaandika barua iliyowekwa katika faili lake, kisha akampa Charlotte kazi ya kurekebisha orodha. Lakini vitanda vilikuwa vimejaa, na wazazi wa waliokwisha kuingia hawakukubali watoto wao watolewe. Fundi alipandisha vitanda sita juu ya vingine. Tisa waliendelea kutembea.

Jumamosi Patricie alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Nkungu. Alimwambia shangazi wa Gaju kwamba mtoto amepata kitanda, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa amemnyima. Yule mama hakumkaribisha ndani, ila Jumatatu Gaju alikuja na godoro lake.

Wivu haukumtoka. Kicheko kilipopita ukutani bado kilimchoma, na alijua sasa kwamba hakina kosa lolote. Charlotte alimsalimia kila asubuhi kama anavyosalimiwa mtu wa ofisi, basi.

Mwezi wa tano jina la Byiringiro, mmoja wa wale tisa, lilianza kuwa na alama za kutofika shuleni, siku moja, kisha wiki nzima. Patricie alikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza kijana alimwahidi kwamba atarudi. Mara ya pili alimkuta nyanya peke yake, akichambua maharage mbele ya nyumba. Alisema mjukuu wake amepata kazi kwa wavuvi kule ziwani, na kwamba anaipenda. Patricie akamsaidia kumaliza maharage, kisha akashuka mlima.