Kukohoa Mbele ya Darubini

Daktari Nday alihitaji kipande cha uvimbe kisichozidi punje ya mahindi, na kipande hicho kilikuwa ndani ya tezi dume ya baba mkwe wake, babake mkewe Lucienne.

Mzee Kabange, mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni, alikuwa amekwisha kukubali upasuaji. Lililomshinda ni kutoa kipande hicho kwa utafiti. Kwao, mtu na mkwewe hawatazamani ovyo, sembuse kuzungumzia yaliyo chini ya mshipi. Kwa hiyo walikaa wodini kila mmoja upande wake wa pazia, na muuguzi Lazare akasimama katikati kupeleka maneno ambayo wote wawili waliyasikia barabara.

"Mwambie baba," alisema Nday, "kansa inajificha kati ya chembe za mwili. Lakini iko na alama juu yake. Njo ile tunatafuta, siku moja askari ya mwili bafundishwe kuitambua."

"Mzee!" Lazare alipaza sauti hadi vitanda vya jirani vikanyamaza. "Kansa iko fraudeur! Inapanda treni bila tiketi, inavaa sawa abiria bengine. Docta anatafuta kintu ya kuijulisha."

"Bafraudeur miye nabajua," alijibu Kabange. "Uliza mukwe yangu: ile nyama, nani ataiangalia?"

"Anauliza nani ataiangalia," Lazare alirudia, kwa furaha isiyo ya lazima.

"Ni miye," Nday alinong'ona. "Mbele ya kuituma Lubumbashi, lazima nihakikishe ni uvimbe kweli."

"Na darubini yake inakuza namna gani?"

"Mara mia ine."

Pazia lilitikisika. "Mara mia ine! Hata mama ya Lucienne, bibi yangu, hajanionaka vile!"

Wodi nzima iliangua kicheko. Nday aliinamisha kichwa. Vipande vyote alivyowahi kuvichunguza vilitoka kwa wagonjwa wa mbali. Hiki kingekuwa cha kwanza cha nyumbani, na sasa kilikuwa kinamponyoka.

"Mwambie baba," alisema mwishowe, "niko tayari kutoa kuku ya kuondoa haya."



"Jogoo," Kabange alisema. "Ya mafuta. Na mbele ya kuangalia, akohoe. Muntu haingiake kwa bakwe bila kukohoa."

Jogoo alitolewa, upasuaji ukaenda salama. Katika maabara, Nday aliweka kioo chenye kipande chini ya darubini, akainama, kisha akakumbuka. Akajiweka sawa, akakohoa kwa adabu.

Kutoka ukumbini Lazare akaitikia, "Ingia!"