Korongo la Siku ya Nne

Kufikia siku ya nne ya safari, muuguzi alikuwa amechoka hadi kope. Hifadhi tatu zilikuwa zimeshapita mbele ya kioo cha gari, zote miamba na mchanga, zote na bango langoni lenye picha ya mnyama ambaye wao hawakumwona. Kiyoyozi kilikata roho siku ya pili. Wakifungua madirisha, vumbi; wakiyafunga, tanuri.

Safari ilikuwa ya mumewe. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapa, miaka ishirini na tisa katika kiwanda kimoja, na kila mwisho wa mwaka mikono yake ndiyo iliyotoa kalenda za hifadhi: korongo jekundu mwezi wa tatu, matuta ya mchanga mwezi wa saba. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga hata moja. Kiwanda kilipofungwa, alikaa mwezi mzima akizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza miwani. Kisha siku moja akatandaza ramani juu ya meza ya kulia, akapanga hifadhi sita kwa siku nane, akaandika mpaka saa za kunywa chai. Dada yake mdogo, mshonaji, aliyeombwa aje wapokezane usukani, alimbatiza jina la Bwana Ratiba kabla hawajafika kituo cha kwanza cha mafuta.

Muuguzi hakupinga. Alikuwa ametoka kwenye miezi kumi na mmoja ya wodi ya wanaume, wauguzi wawili kwa vitanda arobaini, na likizo yake ilipofika alitaka kitu kimoja tu: kulala nyumbani kwake, mlango umefungwa, simu imezimwa. Lakini alimwona mumewe akipima barabara kwa rula, uso umerudiwa na damu, akasema, "Haya, twende." Kusema hapana kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka nguvu.

Siku hiyo ya nne walifika langoni saa nne na nusu asubuhi, kwa kuwa njiani mume alisimamisha gari mara tatu kupiga picha mwamba uleule kutoka pande tatu. Askari wa hifadhi, mwanamke mwenye kofia pana, aliwatazama viatu kwanza, ndipo akawatazama nyuso.

"Mnataka kushuka korongoni saa hizi? Sishauri. Kushuka ni saa moja. Kupanda ni saa tatu, na jua litakuwa linawasubiri palepale ukutani. Njooni kesho alfajiri."

"Kesho tunatakiwa hifadhi ya tano," mume akasema.

"Korongo halina miguu, mzee. Kesho mtalikuta."

Mume alicheka, akaandika majina yao kwenye daftari la wageni. Askari akamgeukia muuguzi, kana kwamba anasubiri aseme neno. Muuguzi alilijua neno lenyewe. Hakuwa na nguvu ya kulitamka.

Wifi yake alifika theluthi moja ya njia, akaona mwamba uliochomoza juu kama paa, chini yake kivuli. Akaketi.

"Mimi nimefika," alisema. "Korongo naliona, lenyewe linaniona, hatudaiani. Mtanikuta hapahapa."

Wawili wakaendelea kushuka, mume mbele, mkewe nyuma akihesabu hatua ili asifikiri. Chini kulikuwa na mto mkavu wa mawe meupe, na ukimya uliofanya masikio yavume. Mume aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Wekundu wake si ule tuliokuwa tunachapa," alisema taratibu. "Miaka yote hiyo tulizidisha wino."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Muuguzi aliona, akatamani na yeye aguswe na kitu. Alivua viatu, akatazama vidole vyake vilivyovimba, akautazama ule ukuta mkubwa kama alivyouona ukuta wa wodi saa ya mwisho ya zamu. Ni ukuta tu.

Katika kupanda ndipo mambo yalipoharibika. Mume alianza kwa kasi, kisha akaanza kusimama kila kona, kisha msuli wa mguu ukamkaza akapiga kelele. Mkewe alipomfikia, alikuwa amepauka kama karatasi, shati limeloa chapachapa, ngozi baridi.

"Zima mtambo wa pili," mume alimwambia. "Karatasi inakwama."

Muuguzi hakushtuka. Uchovu ulijisogeza pembeni wenyewe, kama ulivyozoea kujisogeza kengele ya mgonjwa inapolia. Alimshika kwapani, akamburuta hadi kwenye kivuli chembamba cha jiwe, akamlaza, akainua miguu yake juu ya begi. Akalegeza mkanda. Akalowesha mtandio wake, akamwekea shingoni, kisha kwapani. Mfukoni mwa begi alikuwa na pakiti mbili za chumvi ya kuongezea maji mwilini, ile wanayopewa wagonjwa wa kuhara. Akakoroga moja ndani ya chupa, akamnywesha kidogokidogo. Simu haikuwa na mtandao. Akainua uso.

"Wifi! Leta maji!"

Sauti iligonga kuta na kurudi. Baada ya robo saa mawe yalianza kuporomoka njiani, na wifi akatokea na chupa mbili, akiteremka kwa makalio, akilaani na kulia kwa wakati mmoja. Alikaa karibu na kichwa cha kaka yake, akaanza kumpepea kwa kofia.

Ilipita karibu saa nzima ndipo mume alipofumbua macho na kuwatambua.

"Kaka," wifi akasema, kamasi zikimtoka, "hili ulilipangia saa ngapi kwenye ratiba?"

Mume alijaribu kucheka, akashindwa. Alimtazama mkewe aliyekuwa ameshika kifundo cha mkono wake, anahesabu mapigo.

"Nimekurudisha kazini," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nimechoka, mume wangu." Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Sikutaka kuona hifadhi hata moja. Nilitaka kulala. Nimechoka kiasi kwamba nimekuacha ushuke huku nikijua, kwa sababu kubishana na wewe kulikuwa kazi kubwa kuliko kushuka."

Wifi aliacha kupepea, akaona aibu, akaendelea.

"Nikikaa nyumbani," mume alisema baadaye, "naisikia ile mitambo. Haipo, lakini naisikia. Nikiendesha gari hainipati."

"Ungeniambia hilo. Ramani haikuniambia."

Walisubiri mpaka kivuli kilipofunika njia, saa kumi hivi, wakaanza kupanda, hatua hamsini, pumziko, hatua hamsini, pumziko. Katikati walikutana na yule askari akishuka na mwenzake na dumu la maji. Alikuwa ameona daftarini kwamba hawajarudi. Hakusema "niliwaambia." Muuguzi alimpenda kwa hilo. Walifika juu jua likizama, na hakuna aliyegeuka kulitazama.

Kesho yake muuguzi aliamka saa nane mchana katika nyumba ya wageni iliyo karibu na lango. Alitoka uani akiwa na kitenge kiunoni. Wifi alikuwa bado anakoroma kitandani kwake. Mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, hafanyi chochote, na alionekana kama mtu anayejifunza kazi mpya asiyoiweza.

"Nimewaambia wenye nyumba tutakaa hapa mpaka siku ya kurudi," alisema. "Hizo mbili zilizobaki, basi."

"Mguu?"

"Unauma. Rudi ulale."

Alitaka kumuuliza kama amekula, kama amekunywa maji, kama anaisikia mitambo. Maswali yote matatu yalimfika mdomoni. Akayaacha, akarudi chumbani, akajitupa kitandani bila kuvua kandambili.