Yule Mzee wa Kwenye Karatasi

Mwanangu alinifungia karakana niliyoijenga mwenyewe. Nilikuwa nimerusha patasi ikapita karibu na sikio lake, kisa kapima mlango ukapungua vidole viwili.

"Baba, sitaki kuzika wala kuzikwa," alisema. "Mpaka mshauri wa mambo ya hasira aseme umemaliza vipindi vyake, hapa hukanyagi."

Masomo siyaogopi. Shule ya usiku niliianza na miaka arobaini, nikamaliza wa pili. Nikaenda.

Tulikuwa wazee watatu kwenye viti vya plastiki, mimi, dereva wa lori na mwalimu mstaafu, na mshauri mwenyewe umri wa binti yangu. Kipindi cha tatu aligawa karatasi yenye habari za mzee mmoja mwenye hasira. Nikaisoma kwa sauti. Mzee yule alimrushia mwanawe kifaa cha kazi, akamwita mzigo mbele ya wafanyakazi. Nikasimama.

"Binti, siri zangu umezianika!"

"Zako wapi?" akadakia dereva wa lori. "Hapo anapopiga teke mlango wa gari ni mimi mtupu!"

"Tulieni," akasema mwalimu mstaafu. "Sahani iliyopasukia ukutani ni yangu. Mke wangu anaisimulia hadi leo."

Tukawa tunagombea aibu kama watu wa mnadani. Mshauri alicheka mpaka akavua miwani.

"Wazee wangu, huyu mtu hayupo. Nimemuunga kwa vipande vya watu wengi niliowahudumia kabla yenu, ili asitambulike yeyote. Haya, mngemshauri nini?"

Hapo nikawa hodari. Kumshauri mtu asiyekuwepo ni kazi nyepesi.

"Amwombe radhi mwanawe. Na si chumbani! Alimtukana mbele za watu, aombe mbele ya watu wale wale."

Dereva akanigeukia. "Mzee mwenzangu, umejisikia?"

Nilikuwa nimejisikia.

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni pa karakana, mafundi wote wapo. Sikutafuna maneno.

"Mwanangu, wewe si mzigo. Wewe ulikosea mbao, mimi nikamkosea mtu. Niwie radhi."

Msumeno ukazimwa. Mwanangu alijipangusa unga wa mbao usoni, taratibu.

"Vipindi umemaliza?"

"Bado vitano."

"Basi vimalize, Baba. Meza yako ya dirishani hajakaa mtu."

Kipindi kilichofuata nilifika kabla mshauri hajafungua mlango.