Sindano ya Sauti

Mume wangu Laban hajui kugombana. Ukimfokea, anachukua kipande cha waya na kuanza kukichuna kwa meno, kimya, na hapo ndipo mimi mori hunipanda kabisa.

Tulikuwa tumepanga chumba cha uani kwa Chandrakant, mwenye duka la vitambaa hapa Malindi. Laban ni fundi wa redio. Siku moja alijiwa na bwana mmoja wa chuo kikuu, Bwana Nahashon, anayetafiti jinsi watu wanavyotumia rimoti ya televisheni. Nilicheka nusura nianguke. Stesheni yenyewe moja tu! Unabonyeza uende wapi? Lakini yeye alitaka boksi litakaloandika lenyewe kila kitufe kinapobonyezwa, na Laban akamtengenezea: jicho la kunasa rimoti, mota ya kaseti ya kuzungusha karatasi, na sindano ya wino kwa kila kitufe. Likawekwa sebuleni kwa Chandrakant lijaribiwe. Likifaa, Laban angepewa kazi ya kutengeneza mengine, ya nyumba za Kilifi mpaka Mambrui. Wiki zile mume wangu alitembea kifua mbele.

Kisha Bwana Nahashon akaja uani, akaitandaza karatasi juu ya meza yetu.

"Fundi, hii kazi mbovu. Tazama sindano ya sauti. Kila jioni taarifa ya habari ikianza tu, inaonyesha sauti imezimwa. Nani huyo anayetazama habari bila sauti? Boksi lako linajiandikia linavyotaka. Itabidi nitafute fundi Mombasa."

Laban akaitazama karatasi. Akanitupia jicho mara moja, kisha akainama.

"Huenda, bwana," akasema. "Huenda waya umelegea."

Huenda! Yaani mtu anakunyang'anya riziki nawe unamwambia huenda! Nikawaacha palepale, nikaingia jikoni kwa Kokila, mke wa Chandrakant, bila hata hodi.

"Mama Harish, nani anachezea rimoti humu ndani? Mnataka kumharibia mume wangu kazi?"

Kokila alikuwa anasukuma chapati. Akaacha, uso ukamwiva.

"Hatuchezei, Mama Kioko. Twazima sauti tu."

"Mwazima ya nini?"

Akalitazama dirisha. Ni dirisha linalotazamana na mlango wetu.

"Fundi akirudi jioni, wewe waanza. Mama mkwe hapendi limpite neno. Mwanangu Harish naye siku hizi akuigiza: 'Mwanamume gani wewe, kutafuna waya kama panya!'" Akashusha sauti. "Jana mama mwenyewe aliirudisha sauti upesi. Lile neno ulilomwambia, wallahi, hata sisi tuliona haya."

Jamani, aibu! Nililikumbuka neno lenyewe. Masikio yakaniwaka moto, nikashindwa hata kumuaga Kokila. Na Laban alijua. Kila jioni alikuwa akiisikia televisheni inanyamaza, naye amesimama mbele yangu anatukanwa. Leo alikuwa tayari kuitwa fundi mbovu kuliko kunitaja mbele ya mgeni.

Niliporudi uani, Bwana Nahashon alikuwa anakunja karatasi yake.

"Bwana, boksi ni zima," nikamwambia.

"Jedida, basi," Laban akasema.

"Ni zima. Wanazima sauti wanisikilize mimi nikimtukana mume wangu."

Bwana Nahashon akakohoa. Akaikunjua tena karatasi, akatoa kalamu.

"Kila jioni?" akauliza, kwa upole wa daktari.

"Kila jioni," nikasema, na machozi yakanitoka mbele yake.

Kazi ya yale maboksi mengine Laban aliipata. Jioni ya siku ileile, aliporudi kutoka kibandani kwake anakotengenezea redio, habari zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Sauti ikazimwa. Kumbe kizee hajakoma! Nikasimama na mwiko mkononi, najua nyumba nzima inaningoja.

"Pole na kazi, baba Kioko," nikasema. Lilinitoka kwa taabu, maana sikuwa nimelizoea.

Laban akageuka kutazama kama kuna mgeni nyuma yake. Ng'ambo ya pili walingoja muda mrefu kabla ya kuirudisha sauti.