Mlango wa Mama Mbombo

Kikundi chetu cha mtaa wa Kikula kina sheria moja: hadithi ikishatoka kinywani mwako, si yako tena, ni ya kikundi. Tutaifanya mchezo, wimbo au bande dessinée, yaani hadithi ya picha, kisha Papa Athanase, mwenye nyumba ndogo ya kuchapa vitabu kule Lubumbashi, anachagua atakachotoa. Minye, yaani mimi, nachora. Nikichora mbuzi watu husema ni mbwa, lakini mchoraji mwingine hakuna, kwa hiyo bingwa ni mimi.

Mama Mbombo alitupa hadithi yake. Ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, yeye na mumewe, nao wa Kasai, walikaa mtaa wa Panda, katika nyumba za kampuni ya migodi. Asubuhi moja jirani yao, parrain aliyemsimamia mtoto wao Elie kwenye ubatizo, alikuja na tournevis, bisibisi, akaanza kufungua mlango wao. Ndani, Mama alikuwa anamuogesha Elie, mwili unawaka homa. Baridi ikaingia.

"Aliniambia, 'Mama Elie, munaenda kwenu, mulango ni ya nini?'"

Wakaenda kungoja treni pale gare. Treni haikuja upesi. Elie alifia pale, juu ya saruji, katikati ya mabunda ya mizigo ya watu.

"Minye naomba kintu kimoja tu," alisema. "Bantu bajue mutoto ule alikuwaka mu hii dunia. Aliitwaka Elie. Hata kaburi haina."

Tukaifanya mchezo, lakini kumtafuta wa kucheza parrain ilikuwa kazi. Nani anataka uso ule? Mwishowe Dan akakubali, Dan anayechekesha watu hata kwenye matanga. Katika mazoezi alicheza vizuri, hadi nikamwogopa.

Tulicheza mchana, katika salle, ukumbi wa parokia, maana bwawa la umeme la Koni liko karibu lakini umeme wake unatupitia juu ya vichwa. Watu walijaa. Dan aling'oa mlango, akaubeba kichwani, akageuka, ukampiga aliyecheza jirani mwingine mgongoni. Mtu mmoja akacheka. Basi! Mchekeshaji akisikia kicheko ni kama mbuzi aliyeona muhogo. Akausimamisha mlango mbele yake, akaubisha: "Ko-ko-ko! Beko humu?"

Salle ikaanguka kwa kicheko. Wamama walishika mbavu. Hata Cathy, aliyecheza Mama Mbombo, akaficha uso kwenye kitenge, mabega yanatikisika.

Dan aliporudi nyuma ya pazia nikamkamata. "Weye, sasa mutoto anakufa!"

"Yaya, mukubwa yangu, hausikie vile banacheka?" Akarudi jukwaani. Wakati Cathy anamlilia Elie, yaani bunda la nguo, Dan alipita nyuma yake na mlango, anatafuta pa kuuweka. Watu wakalia machozi ya kicheko.

Mama Mbombo alikuwa benchi ya mbele. Akasimama, akapanda jukwaani, akamnyang'anya Cathy lile bunda, akakaa chini, miguu imenyooka. Hakulia. Alilifunika vizuri upande wa kichwa, kama mtu anayeogopa upepo.

"Huyu ni Elie," alisema. "Munacheka nini?"

Wamama wakaziachia mbavu zao. Dan akauweka mlango chini polepole. Nikasema moyoni: sasa wameelewa.

Kisha mmoja akapiga makofi. Wa pili. Salle nzima ikasimama, inapiga miluzi: "Mama, bravo! Actrice!"

Papa Athanase alikuja mbio. "Mama, mwisho ile njo yenyewe! Tunapiga video, tunatosha, tunachapa na kitabu. Tukiicheza Lubumbashi, utaifanya tena vile?"

"Mutoto yangu atakufa mara ngapi, papa?"

"Mara mbili tu," akajibu, macho kwenye simu. "Ijumaa na Jumamosi."

Nilimsindikiza Mama Mbombo mpaka barabarani. Kila hatua watu walimzuia, wanamshika mkono. "Félicitations, mama, unajua kucheza!"

"Aliitwaka Elie," anamwambia huyu. "Elie," anamwambia yule.

"Ndiyo, mama," wanamjibu, bado wanacheka. "Na ule wa mulango, anaitwa nani?"